Neno « ya » tusiwaachie watu wa informatiki peke yao

Siku tuliyoonyesha kamusi yetu ndogo ya mtandaoni mbele ya walimu wa idara, ng'ombe ndiye aliyetuangusha. Usiku kucha tulikuwa tumejaribu maneno: mtoto, nyumba, muhogo, kusoma, chai. Yote yalitoka vizuri, maana ya Kifaransa pembeni, mfano wa sentensi chini yake. Asubuhi Profesa wetu wa fonolojia akavuta kiti, akasogeza kibodi, akaandika ng'ombe. Tungelijua! Mwalimu wa fonolojia ukimpa nafasi ya kuandika neno moja tu la Kiswahili, ataandika lenye ng'. Akabonyeza, na skrini ikatoa mstari mrefu wa Kiingereza ukilalamikia sintaksia. Profesa akageuka, akasema kwa upole: « Kumbe hata mashine inashindwa kutamka. » Watu wakacheka.

Sababu ilikuwa ndogo. Katika ombi tulilotuma kwenye hifadhidata, neno linalotafutwa lilikaa katikati ya ritifaa mbili, hizi apostrofi zetu, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Ng'ombe alikuja na ritifaa yake mwenyewe. Mashine ikadhani neno limeishia kwenye ng, na ile ombe iliyobaki ikaichukua kuwa amri isiyoijua. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kupita katika tundu hilo hilo na amri ya kweli, akasoma au kuharibu yasiyomhusu. Dawa yake inajulikana: ombi linatayarishwa kwanza likiwa na nafasi tupu, kisha neno linatiwa katika nafasi hiyo kama neno tu, lisiweze kugeuka amri. Kazi ya dakika tano.

Ila ombi lile tulikuwa tumelinakili katika kurasa 11: ukurasa wa kutafuta, wa methali, wa majina ya mimea, wa kila lugha na kadhalika. Tulisahihisha kumi. Mwezi mmoja baadaye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akatafuta kung'oa katika ukurasa wa methali, na ule mstari wa Kiingereza ukarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho rafiki yangu wa informatiki alikuwa akinieleza tangu mwanzo nami nikimwitikia « ndiyo, ndiyo » kwa adabu: jambo linalofanywa mara nyingi liandikwe mahali pamoja, lipewe jina, na kurasa zote ziliite kwa jina hilo. Kwa Kifaransa wanasema fonction. Mimi nitaandika fonksioni, kama tunavyoitamka katika korido zetu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kugusa mambo haya, niseme kidogo. Kurasa zetu zimeandikwa kwa PHP, lugha ya programu ambayo Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kama zana ndogo za ukurasa wake binafsi, akazitoa kwa watu mwaka 1995. Kazi yote inafanyika kwenye seva. Seva inatafuta neno, inaunganisha sentensi, inapanga ukurasa, kisha inatuma maandishi yaliyo tayari. Simu ya msomaji haina kazi nyingine ila kuyaonyesha, na kwetu hilo ni jambo kubwa, maana simu zetu nyingi ni za zamani na mega tunanunua kidogo kidogo. Fonksioni ni kipande cha programu chenye jina: unakipa vitu, kinakurudishia kitu. Tafuta_neno, kwa mfano, inapewa neno na lugha, inarudisha maana. Imo katika faili moja, na kila ukurasa unaianza kazi yake kwa kulialika faili hilo. Siku ng'ombe akituangusha tena, tutasahihisha mahali pamoja.

Mwanaisimu hapaswi kushangazwa na haya. Sisi tunaishi kwa kanuni zilizoandikwa mara moja. Hakuna anayejifunza wingi wa kitabu, kisha wingi wa kiti, kisha wingi wa kisu, kila mmoja kama habari mpya. Tunajifunza KI-VI, basi. Aliyenakili ombi lile mara 11 (ni mimi) alikuwa amekaa miaka mitatu katika madarasa ya mofolojia bila kuona kwamba mofolojia ndiyo hiyo hiyo.

Lakini sikuandika makala hii ili kusifu fonksioni. Watu wa informatiki wanazisifu wenyewe. Ninachotaka kusema ni kwamba fonksioni nyingi tunazopewa zimebeba sarufi ya mtu mwingine ndani yake, na zikitumiwa katika kurasa mia zinaieneza sarufi hiyo mara mia. Kosa la kunakili linabaki pale ulipolinakili. Kosa lililo ndani ya fonksioni linafika kila mahali siku moja.

Mgawanyo wetu wa kazi ulikuwa ule wa kawaida: « Sisi tutaandika programu, ninyi wa lugha mtatafsiri. » Tukaletewa orodha. Maneno yake yalikuwa mamoja mamoja, yamekaa katika safu kama maharage juu ya meza: nouveau, supprimé, trouvé, aucun, de. Upande wa pili safu tupu ya Kiswahili, tuijaze. Tulianza kwa furaha. Trouvé, kupatikana, lakini kwa umbo gani? Nouveau tukaandika mpya, kisha mmoja wetu akauliza: mpya nini? Kwa maana kuna mtu mpya, watu wapya, kitabu kipya, vitabu vipya, neno jipya, maneno mapya, miti mipya. Tulipofika kwenye de tukaweka kalamu chini. De ya Kifaransa ni neno moja. Kwetu inategemea kilichotangulia: wa, ya, la, cha, vya, za, kwa, pa, mwa. Maumbo tisa, na safu ilikuwa na nafasi ya neno moja.

Rafiki yangu akasema: « Wekeni ya, ndiyo inayotokea sana. » Tukaweka ya. Kesho yake kamusi ilikuwa inasema kitabu ya mwanafunzi, neno ya siku, wingi ya jina. Mwalimu mmoja alipita nyuma yetu, akasoma, akauliza kama hii ni kamusi ya Kiswahili au ya Kifaransa kilichovaa kitenge.

Tatizo halikuwa katika tafsiri. Tafsiri yoyote ingeshindwa, kwa sababu fonksioni iliyounganisha sentensi ilikuwa imekwisha kuamua kwamba maneno hayajuani. Ilichukua idadi, ikaweka nafasi, ikachukua nomino, ikaangalia kama idadi imezidi moja ikaongeza s, ikaweka trouvé mwishoni. Hiyo ni sarufi, tena si ya dunia nzima. Hata Kifaransa na Kiingereza havipatani juu ya sifuri: Mfaransa anaandika 0 livre bila s, Mwingereza anaitia s. Kiarabu kinahesabu kwa maumbo sita ya idadi katika jedwali za kimataifa zinazotumiwa na programu. Wanaoshughulika na tafsiri za programu wanalijua jambo hili zamani, na zipo zana kama gettext zinazokuruhusu kuandika sentensi nzima ya umoja na sentensi nzima ya wingi. Kwa sentensi ambayo nomino yake haibadiliki, hiyo inatosha kabisa: Kitabu 1 kimepatikana, Vitabu 3 vimepatikana. Nawashauri wenzangu waanzie hapo. Lakini zana hiyo inauliza swali moja tu: ngapi? Haiulizi: ngeli gani? Ukiwa na ukurasa unaoweza kutaja kitabu, mtu, neno, wimbo au methali mahali pale pale, idadi peke yake haikusaidii.

Basi tukaandika fonksioni yetu, tukaiita patanisha. Toleo la kwanza niliandika mwenyewe, na lilikuwa toleo la mtu mvivu: lilitazama herufi za mwanzo. Nomino ikianza na ki, kiambishi ni ki. Ikianza na wa, kiambishi ni wa. Ikianza na m, basi a. Likafanya kazi kwa nusu saa. Kisha tukatafuta kijana, nalo likajibu: Kijana 1 kimepatikana. Nani anayesema hivyo juu ya mtu? Kijana amepatikana, kiongozi amepatikana, kipofu amepatikana; umbo ni la KI-VI, upatanisho ni wa viumbe. Tukatafuta waraka, likasema waraka wamepatikana, kana kwamba waraka ni kundi la watu, kumbe ni umepatikana, na wingi wake ni nyaraka zimepatikana. Mtu amepatikana lakini mto umepatikana, na herufi ya kwanza ni ile ile. Maji hayana umoja. Rafiki na daktari hawana kiambishi cha mbele cha kutazama. Na kitabu chenyewe, kielelezo chetu cha kila siku cha ngeli ya KI-VI, ni neno la Kiarabu ambalo silabi yake ya kwanza Waswahili waliichukua kuwa kiambishi, wakatoa vitabu. Lugha yenyewe ilikisia kwa kutazama herufi za mwanzo, ikapatia. Mimi nilikisia, nikakosea.

Toleo la pili halikisii. Kila nomino katika kamusi imeandikwa ngeli yake pembeni na mtu anayeijua, jozi ya umoja na wingi, kwa namba zile ambazo mapokeo ya Bleek na Meinhof yametuachia. Tumeongeza alama moja kwa viumbe, ili kijana apate a na wa. Kuna jedwali la pili, fupi, lenye viambishi: a na wa, u na i, ki na vi, li na ya, i na zi, u na zi. Fonksioni yenyewe haina neno hata moja la Kiswahili ndani yake. Inapokea nomino, idadi na kitenzi. Inasoma ngeli, inachagua kiambishi, inaweka idadi baada ya nomino na si kabla, na inarudisha sentensi. Idadi ikiwa sifuri haijaribu kusema vitabu 0 vimepatikana, sentensi ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwenye akili timamu. Inageuza muundo: Hakuna kitabu kilichopatikana. Hapo inahitaji kiambishi cha urejeshi pia, aliyepatikana, uliopatikana, lililopatikana, kwa hiyo jedwali likapata safu moja zaidi.

Kuiweka sarufi nje ya fonksioni ndilo jambo lililotufaa kuliko yote. Tulipofika kwa Lingala hatukuandika upya. Tulibadilisha jedwali. Lingala ya Kinshasa inasema buku ezali na babuku ezali, kitu kimoja au vingi kiambishi ni kile kile, na watu wana a na ba. Jedwali lake ni dogo kuliko letu. Ingekuwa tumetia viambishi vya Kiswahili ndani ya programu, mwenzetu wa Lingala angelazimika kuifungua yote, kuinakili, kuibadili, na tungerudi kwenye zile kurasa 11.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo rafiki yangu alinitolea, na ambalo sikulijibu vizuri siku ile. Alisema: « Lakini ndugu, nyumbani kwetu ninyi wenyewe mnasema kitabu ya mtoto. Mama yangu anasema hivyo. Mnataka mashine iongee kama redio ya Tanzania? » Ni kweli. Kiswahili cha nyumbani, hapa kwetu, kimeipa ya kazi nyingi kuliko sarufi za shuleni. Sitaki kuandika fonksioni inayomsahihisha mama wa mtu. Ila yeye alifikiri kwamba Kiswahili hicho hakina upatanisho, kwamba ya kila mahali ndiyo sarufi yake yote. Sivyo. Sikiliza Lubumbashi: batoto banakuja, na hutasikia batoto anakuja. Sikiliza katoto na tutoto, jozi ya kudogesha ambayo Kiswahili sanifu hakina kabisa. Kuna kanuni pale, na mwenye lugha anashtuka ukizivunja. Ile ya ya programu haikutoka kwa mama yake. Ilitoka kwenye safu iliyokuwa na nafasi ya neno moja, kisha ikatokea kufanana na neno la nyumbani.

Jibu langu leo ni kwamba aina ya Kiswahili nayo iwe kitu kinachopewa fonksioni kutoka nje, kama idadi na nomino. Jedwali moja la Kiswahili sanifu, jingine la Kiswahili cha mji, na ukurasa uchague. Kwa kamusi ya shule tutachagua sanifu. Kwa ukurasa wa hadithi tulizorekodi sokoni, ingekuwa aibu kuchagua sanifu. Kuna wenzangu katika idara hii ambao hawatakubali jedwali la pili liwepo. Waandike, tujibizane katika toleo lijalo.

Niongeze visa viwili ambavyo haviko katika Kiswahili, kwa sababu vinaonyesha kwamba hatari haiko kwetu tu. Cha kwanza kilinifanya nisimame. Tovuti nyingi zina fonksioni ndogo inayotambua lugha ya msomaji kwa kuchukua herufi mbili za kwanza za alama ya lugha. Fr ni Kifaransa, sw ni Kiswahili, ln ni Lingala, kg ni Kikongo. Ciluba cha Kasai hakikupewa alama ya herufi mbili katika orodha ya kimataifa. Kina ya herufi tatu, lua. Ukikata herufi mbili za kwanza unabaki na lu. Na lu ipo! Ni Kiluba cha Katanga. Fonksioni ya mstari mmoja, iliyonakiliwa duniani kote, inamchukua Mluba wa Kasai na kumpeleka Katanga bila kumwuliza. Katika nchi hii, ambako watu wamewahi kufukuzwa makwao kwa sababu ya tofauti hiyo hiyo, mimi sicheki. Programu haikuwa na nia mbaya. Aliyeiandika alihesabu lugha alizozijua, akaona herufi mbili zinatosha.

Cha pili ni fonksioni ya kufupisha. Katika orodha ya matokeo tunaonyesha mwanzo tu wa mfano wa sentensi, herufi arobaini hivi, kisha nukta. Njia ya kwanza ambayo PHP inakupa haihesabu herufi, inahesabu baiti. Kwa Kiswahili huoni tofauti, maana herufi zetu zote ni za baiti moja moja. Ukiwa na Lingala iliyoandikwa kwa ɛ na ɔ, kila moja ni baiti mbili, na mkasi ukipita katikati msomaji anaona kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza. Ukiweka toni juu, ɔ́, umefika baiti nne na alama mbili za kompyuta kwa kitu ambacho jicho linakiona herufi moja. Kuna fonksioni za PHP zinazohesabu vipande hivyo kama jicho linavyoviona. Zipo, zinafanya kazi, lakini mtu wa informatiki ambaye hajawahi kuandika toni hana sababu ya kuzitafuta. Sisi tunazo sababu. Tuliona kialmasi kile katika maneno ya Ciluba kwa wiki nzima, na wa kwanza kueleza kilichotokea alikuwa mwanafunzi wa fonolojia, si wa programu.

Nisijifanye mwalimu. Baada ya patanisha kufaulu nililewa sifa, nikataka kila kitu kiwe fonksioni. Niliandika moja ya kunyambua kitenzi chochote katika nyakati zote, yakinishi na kanushi, na yambwa na urejeshi. Ilidai kupewa vitu kumi na kimoja kwa mpangilio maalumu. Hakuna aliyeitumia, hata mimi. Ili kupata hatukumwona ilinibidi kufungua daftari nikumbuke kitu cha saba ni kipi, wakati ningeweza kuandika hatukumwona kwa mkono. Siku hizi nangoja. Jambo likitokea mara ya kwanza naliandika, mara ya pili naliandika tena huku nikinung'unika, mara ya tatu nalipa jina. Na sitaki tena fonksioni inayochapa kwenye ukurasa moja kwa moja. Irudishe maandishi, anayeyataka ndiye aamue kama yanakwenda kwenye ukurasa, kwenye barua au kwenye faili la kuchapa. Wala fonksioni inayotegemea kwamba mtu fulani ameweka lugha mahali fulani nje yake. Hiyo ni kama kiwakilishi kisicho na nomino iliyotangulia: amekuja! Nani?

Hili la mwisho ndilo lililonikosanisha kidogo na rafiki yangu, maana kurasa zake zote zilitegemea lugha iliyowekwa juu kabisa ya faili. Alisema ninamletea mambo ya shule. Kisha ukurasa mmoja ukahitaji Kiswahili na Lingala bega kwa bega, na lugha iliyowekwa juu ilikuwa moja. Alibadilisha mwenyewe usiku, hakuniambia. Niliona asubuhi tu.

Ninachoiomba idara yetu ni kidogo. Katika mwaka wa tatu tuna somo la leksikografia. Vipindi vichache vya somo hilo viende kwenye kuandika fonksioni, kwa mashine mbili tulizo nazo na siku umeme unapokuwepo. Siku za delestaji ubao unatosha, patanisha yote iliandikwa kwanza kwa chaki. Hakuna anayehitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anahitaji kujua kinachoingia, kinachotoka, na ni nani aliyeamua sarufi iliyo katikati. Na tukiletewa tena orodha ya maneno mamoja mamoja, tuirudishe. Tuombe sentensi nzima. Kama sentensi nzima haiwezekani, tuombe faili la fonksioni tukae nalo sisi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya Wazungu, kwamba siku moja kampuni kubwa zitatuletea Kiswahili kilichokamilika. Kiswahili, labda. Kina wasemaji wengi na masoko mengi. Lakini Katiba yetu inataja lugha nne za taifa, na sioni ni nani atakayeamka Ulaya asubuhi akasumbuka kuhusu toni za Ciluba katika orodha ya matokeo ya kamusi ya wanafunzi.

Faili letu linaitwa lugha.php. Liko kwenye mashine ya karibu na dirisha katika chumba cha idara, na yeyote anaweza kulinakili kwa ufunguo wake wa USB. Hapa pekee naruhusu kunakili. Jedwali la Kiswahili limekamilika isipokuwa nomino za mkopo ambazo tunabishana juu yake: faili limepatikana, au imepatikana? Tumesikia zote mbili, wakati mwingine kwa mtu yule yule. La Lingala linahitaji mtu wa kulisoma mara ya pili. La Ciluba lina ngeli lakini toni zake zimewekwa nusu. La Kikongo bado ni safu tupu, kwa sababu katika kundi letu hakuna anayekisema. Tunakutana Jumatano baada ya saa za masomo, na mwenye Kikongo aje hata kama hajawahi kushika kibodi.